Motokaa Ikichemka, Usitupe Themostati

Ndugu msomaji, kama wakaa Katandala au mtaa mwingine wo wote wa mji wa Sumbawanga, wazijua asubuhi za mwezi wa Juni na Julai. Upepo wa baridi huvuma kutoka upande wa milima ya Mbizi, watu hutembea wamejifunga makoti na mashuka, na mwenye motokaa huiwasha mapema, akaiacha ikiunguruma uani huku yeye anakunywa uji.

Tuseme kuna baba mmoja wa hapo Katandala mwenye motokaa ndogo, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Kila asubuhi akiiwasha, taa ndogo ya buluu huwaka mbele yake. Taa hiyo yasema, “Injini ingali baridi.” Katika motokaa nzima taa hiyo huzimika baada ya dakika chache. Yake haizimiki. Afika sokoni, yawaka. Arudi nyumbani, yawaka bado. Tena aona petroli yaisha upesi kuliko zamani. Lakini hajali, maana motokaa yatembea.

Siku moja aenda Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, kumchukua mama yake mgonjwa amlete hospitali mjini. Kushuka ni kwepesi. Kurudi ni kupanda. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko mita 1,800 hivi. Motokaa iliyojaa watu na mizigo yapaswa kupanda zaidi ya mita elfu moja. Kabla ya kufika Matai taa nyekundu yawaka, mvuke watoka mbele, na injini yazimika. Mama mgonjwa akalishwa kando ya njia juu ya khanga. Jua latua, na hospitali ingali mbali.

Kisa chake nini? Miaka miwili nyuma baba huyu alimpelekea fundi motokaa yake kwa sababu ilichemka kidogo. Fundi akamwambia, “Mzee, hii themostati ni kitu cha nchi za baridi. Sisi tuko Afrika. Tuitoe tu, maji yapite.” Mzee akakubali, ikatolewa, ikatupwa.

Maneno hayo husemwa katika gereji nyingi za nchi yetu. Leo twataka kuonyesha kwamba si ya kweli, na kwa watu wa Ufipa si ya kweli hata kidogo. Twataka pia kuonyesha jinsi mtu mwenye spana chache na subira awezavyo kupima motokaa yake nyumbani, na kubadili themostati kwa mikono yake mwenyewe.

KAZI YA THEMOSTATI

Injini huchoma mafuta, na moto huo hutoa joto jingi kuliko chuma kiwezavyo kuvumilia. Kwa hiyo maji huzungushwa ndani ya injini na pampu. Hulichukua joto, huenda kwenye rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi tena. Hayo watu wengi wayajua.

Lakini wengi hawajui kwamba injini haipendi baridi pia. Yataka joto la kadiri, kama nyuzi 90 hivi. Ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vema. Nyingine hushuka katika kuta za silinda na kuiosha oili iliyowekwa ilinde chuma. Unyevu nao hubaki ndani ya oili badala ya kukauka. Basi chuma husagana, oili huharibika, na mafuta hutumika mengi zaidi.

Themostati ni mlango mdogo katika njia ya maji. Ndani yake mna kikopo chenye nta ya namna yake. Nta ikipata joto huyeyuka na kuvimba, ikasukuma kijiti, mlango ukafunguka. Ikipoa, springi huurudisha mlango mahali pake. Namna hii ya kutumia nta ilibuniwa katika miaka ya 1930 na Sergius Vernet, na hata leo ndiyo iliyomo katika motokaa nyingi. Juu ya themostati utaona nambari imepigwa chapa, kama 82 au 88. Hilo ndilo joto ambalo mlango huanza kufunguka. Hufunguka wote nyuzi kumi hivi au zaidi baadaye.

Kuutawala moto si jambo geni Ufipa. Wahenga wa nchi hii waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu. Hewa iliingia kwa matundu ya chini, ikapanda yenyewe bila mivukuto. Watu hao walijua kwamba moto ukitawaliwa huleta jembe, na usipotawaliwa huleta hasara. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Sasa sikia jambo ambalo yule fundi hakulifikiri. Katika injini nyingi themostati ina vifuniko viwili. Kimoja hufungua njia ya kwenda rejeta. Cha pili, wakati huo huo, huziba njia ya mkato ambayo maji huzunguka humo humo katika injini bila kupita rejeta. Ukiitoa themostati katika injini ya namna hiyo, njia ya mkato hubaki wazi siku zote. Maji mengi huifuata hiyo na kuiacha rejeta. Mjini, kwa mwendo mdogo na baridi ya Ufipa, injini huwa baridi kupita kiasi. Mlimani, ikiwa na mzigo, huchemka. Ndivyo ilivyompata baba yetu: taa ya buluu Katandala, taa nyekundu kwenye mlima wa Kasanga, na kisa ni kimoja.

MAJI YA UFIPA HUCHEMKA UPESI

Kuna jambo jingine lihusulo nchi ya juu. Pale Dar es Salaam, pwani, maji katika sufuria huchemka yakifika nyuzi 100. Katandala huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi maji kwa nguvu. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva Sumbawanga kuliko pwani: maji yatokota kweli, lakini joto lake ni pungufu.

Motokaa huponywa na kifuniko cha rejeta. Usidhani ni kizibo tu kama cha chupa. Kina springi inayoyakandamiza maji yasichemke mapema. Juu yake huandikwa nambari, mara nyingi 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji hapa Sumbawanga hayachemki mpaka yafike nyuzi 115 hivi. Lakini springi ikilegea, au mpira wake ukipasuka, maji huchemka kwenye nyuzi 94 zile zile za sufuria. Nawe umekwisha sikia kwamba injini hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Basi nafasi iliyobaki ni nyuzi nne tu! Mtu wa pwani mwenye kifuniko kibovu aweza kutembea siku nyingi asijue. Mtu wa Ufipa atajua kwenye mlima wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mtu wala kutupa cho chote, kitazame kifuniko hicho. Bei yake ni ndogo. Nunua chenye nambari ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani kilichokuja na motokaa.

TAFUTA UGONJWA KWANZA

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa maswali. Nawe iulize motokaa yako maswali haya, moja baada ya jingine, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa.

Maji yamepungua? Kama hupungua kila juma, yatoka mahali. Tandika boksi kavu chini ya injini usiku, asubuhi utazame alama. Tazama viungo vya hozi, pampu ya maji, na pembe za rejeta. Mahali panapovuja pengi huacha alama ya ukoga mweupe au wa rangi.

Mkanda wa pampu na feni ni mzima? Ukipasuka-pasuka au kulegea, pampu haizunguki sawasawa.

Rejeta ni safi? Mulika kwa tochi. Mbegu za nyasi, wadudu, na tope la masika huziba matundu ya upepo. Osha kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini kwenda nje. Maji ya nguvu nyingi hulaza mabati yake membamba.

Injini huchemka wakati gani? Kama huchemka imesimama, na ikitembea hupoa, shaka iko kwenye feni. Kama huchemka mlimani au kwa mwendo mkubwa, shaka iko kwenye rejeta iliyoziba, pampu, kifuniko, au themostati.

Huchemka upesi baada ya kuwashwa? Themostati iliyogoma kufunguka hupandisha joto kwa muda mfupi. Injini ni moto sana, lakini rejeta ni baridi, na moja ya hozi zake mbili kubwa haina joto. Gusa kwa kitambaa, na weka mikono na nguo mbali na feni. Feni nyingi za siku hizi hujiwasha zenyewe bila kumwuliza mtu.

Haipati joto kabisa? Taa ya buluu haizimiki, au mshale wa geji hulala chini, na hewa ya moto ndani ya motokaa ni vuguvugu tu. Basi themostati imegoma kufunga, au haimo.

Je, kuna mapovu? Funua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kisha uiwashe. Kama mapovu hutoka bila kukoma, na moshi mweupe hutoka nyuma hata injini ikiwa moto, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, ni alama ya ugonjwa huo huo. Hapo usijaribu dawa ya nyumbani, mwite fundi anayeaminika. Lakini ukiona utando mweupe kidogo tu chini ya kifuniko cha oili wakati wa baridi, usiogope mara moja. Motokaa ya safari fupi-fupi, hasa isiyo na themostati, hukusanya unyevu mahali hapo.

JARIBIO LA KOPO

Ukiitoa themostati na kutaka kujua kama ingali hai, tafuta kopo kuukuu ambalo halitarudi jikoni. Funga themostati kwa uzi, uitundike ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Bandika motoni. Maji yakipata moto, mlango wapaswa kufunguka. Ukiitoa ikapoa, wapaswa kufunga barabara.

Hapa tena mtu wa Ufipa aangalie. Vitabu vya mafundi viliandikwa kwa maji yachemkayo nyuzi 100. Yetu hukoma nyuzi 94, na hata ukiongeza kuni hayapandi zaidi. Themostati ya 82 utaiona yafunguka vema. Ya 88 huenda ikafunguka nusu tu, nayo si mbovu. Iliyoandikwa 92 huenda ikafungua ufa mwembamba tu, au isifunguke. Ya 95 haitafunguka kamwe, ijapokuwa ni mpya kutoka dukani. Basi soma nambari kwanza, ndipo uhukumu. Ile ya 82 iliyokaa katika maji yatokotayo kwa dakika tano bila kutikisika, hiyo imekufa. Na ile iliyo wazi ingali baridi, nayo imekufa.

KUFUNGA MPYA

Nunua themostati ya injini yako hasa, yenye nambari ile ile, pamoja na mpira au gasketi yake mpya. Chukua na ile kuukuu dukani uzilinganishe.

Kwanza, hakikisha injini ni baridi. Weka beseni chini ya rejeta, fungua kizibo cha chini, maji yatoke. Yaweke, usiyamwage.

Pili, fuata hozi kubwa za rejeta mpaka zinapoingia katika injini. Katika motokaa nyingine themostati iko mwisho wa hozi ya juu, katika nyingine iko mwisho wa hozi ya chini, karibu na pampu. Utaona kifuniko cha chuma chenye bolti mbili au tatu. Zifungue polepole.

Tatu, kabla ya kuitoa, tazama vizuri ilivyolala. Upande wenye springi na kikopo cha nta huelekea ndani ya injini, ambako joto liko. Ukiigeuza, haitapata joto, nayo haitafunguka kwa wakati wake. Ikiwa na tundu dogo lenye kipini kinachocheza, mara nyingi tundu hilo hukaa juu, ili hewa ipate pa kutokea.

Nne, kwangua uchafu na gasketi ya zamani kwa kitu kisichokwaruza chuma. Weka mpya, rudisha kifuniko, kaza bolti kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku. Usitumie nguvu zote za mkono, maana vifuniko vingi ni vya aluminiamu na hupasuka.

Tano, jaza maji polepole, ukiminya hozi kwa mkono hewa itoke. Washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, uso wako ukiwa mbali. Mapovu yatatoka. Themostati ikifunguka maji yatashuka ghafula, nawe ongeza. Yakitulia, funga kifuniko. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tena kama yamepungua. Hewa iliyonaswa ndani huchemsha injini hata kama vyombo vyote ni vipya, na wengi husahau jambo hili.

Juu ya maji yenyewe, ni vema kutumia kulanti iliyochanganywa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Huzuia kutu, na huinua joto la kuchemka. Kama huna, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha magamba ndani ya rejeta.

MAONYO KWA WENYE WATOTO

Kulanti nyingi zina sumu kali, na ladha yake ni tamu. Mtoto au mbwa aweza kuinywa kwa furaha na kufa. Usiiweke katika chupa ya soda wala beseni la kunawia. Iliyomwagika uani, osha kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama aonekana mzima.

Tena, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Tumeeleza kwamba kifuniko huyakandamiza maji yenye zaidi ya nyuzi 100. Ukikifungua, hutokota ghafula, mengine yakageuka mvuke, na kukurukia usoni. Watu wameungua vibaya kwa kosa hilo moja.

Ukiona taa nyekundu njiani, egesha mahali salama, zima injini, washushe watu wakae mbali na barabara. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuweka mkono juu ya kifuniko bila kuungua. Usimwage maji ya baridi katika injini iliyo moto, kwani chuma chake chaweza kupasuka. Na usiseme, “Nitafika tu, ni karibu.” Kilomita mbili za namna hiyo zaweza kukugharimu injini nzima.

Haya, turudi kwa baba yetu. Mama yake aliingia mjini usiku wa manane juu ya lori la mahindi, akapokewa hospitali. Alipona, lakini ule usiku wa baridi juu ya magunia hataki kuusimulia. Juma lililofuata mwanawe alinunua themostati na kifuniko kipya cha rejeta. Alivifunga mwenyewe Jumamosi asubuhi, mtoto wake mkubwa akimshikia tochi. Walipoiwasha motokaa wakakaa ndani wakitazama. Zilipopita dakika chache, taa ya buluu ikazimika.

“Baba, imeharibika taa?” mtoto akauliza.

“La, mwanangu,” akajibu. “Ilikuwa ikituambia neno miaka miwili. Sasa imenyamaza.”

Basi, ndugu msomaji, Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi ukiiwasha motokaa yako, hesabu dakika mpaka taa ile izimike. Isipozimika, usingoje mlima.